Unayejua gemu, kaoshe vyombo: namna ya kucheza gemu za kusaidiana na watu wa nyumbani

Nianze na wifi yangu, na hapa naongelea wifi dada wa mume, sio wifi ya intaneti. Alikuja kutoka Tanga kutusalimia mwezi wa kumi na mbili, hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maisha yake yote, sasa jioni moja tumeshakula, watoto wako kwenye gemu ya mapishi ya Overcooked wanapika supu ya vitunguu, mi nikamwambia wifi njoo ushike hii tucheze, rahisi tu. Rahisi tu! Ndani ya dakika mbili nilikuwa napiga kelele kama konda wa Gongo la Mboto, wifi kitunguu, sio hicho, kile kule, weka kwenye sufuria, wifi sufuria inaungua, afu nikamnyang'anya pedi eti nimuoneshe. Wifi akaniangalia, akanyanyuka taratibu, akasema ngoja nikaangalie maharage jikoni.

Hatukuwa na maharage jikoni.

Leveli tulishinda, nyota tatu, na wifi hakukaa tena mbele ya ile TV siku mbili nzima. Ndo nikaanza kuwaza kwamba hizi gemu ambazo wote mko timu moja zina namna yake ya kuzicheza na watu ambao sio wachezaji, na mara nyingi anayeharibu ni yule anayejua. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kukosea mwenyewe sebuleni, kwa mume, watoto wawili, mama yangu, mdogo wangu aliyeko Uingereza, na huyo huyo wifi.

Kwanza vifaa, tusichelewe sana hapa. PS4 (PlayStation 4) ya mtumba inatosha kabisa, laptop yenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, nayo inatosha, hata simu, ntafika huko. Shida huwa ni pedi ya pili. Ukienda kununua iliyotumika usiishie kwenye "dada hii ni mpya kabisa", mwambie aichomeke, fungueni gemu yoyote, iweke pedi mezani usiiguse kabisa afu angalia yule mtu wa kwenye skrini. Akianza kutembea mwenyewe polepole ujue stiki, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, imechoka, iache. Zungusha stiki zote mbili, bonyeza kila kitufe, na tikisa tikisa waya kwenye tundu la chaji uone kama taa inakatika. Ukifika nyumbani unaiunganisha kwa waya wa USB kwenye PS4 afu unabonyeza kile kitufe cha PS katikati, na ikigoma kabla hujarudi dukani kugombana na mtu jaribu waya mwingine, maana kuna waya nyingi za mtaani ni za chaji tu, hazipitishi data, pedi inajaa chaji vizuri ila PS4 haiioni.

Kitu kingine cha hapo hapo, ukiwasha pedi ya pili PS4 inauliza nani anacheza. Watu wengi wanachagua mgeni kwa sababu ni haraka, afu mgeni akitoka kila alichoseva kwa jina hilo kinafutika. Kama mtu atacheza na wewe zaidi ya mara moja mfungulie yuza wake humo humo, dakika mbili tu, na sio lazima awe na akaunti ya mtandaoni. Mwanangu wa pili alilia siku nzima kwa ajili ya hili.

Na kama hela ya pedi ya pili haijapatikana, Overcooked inaruhusu watu wawili kugawana pedi moja, mmoja anashika upande wa kushoto mwingine wa kulia, mnaichagua hiyo kwenye skrini ya kuchagua wapishi. Mnabanana kama mko kwenye daladala saa kumi na mbili jioni lakini inachezeka, na kwa wanandoa sio mbaya.

Sasa kuchagua gemu, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu ndo pengi panapoharibikia. Sisi tuliozoea hatukumbuki tena kwamba pedi ina stiki mbili, ya kushoto unatembea, ya kulia unageuza kamera, tunafanya zote kwa pamoja bila kuwaza. Mtu mgeni hawezi. Mpe gemu ya kamera ya kugeuza utamuona anatembea akiangalia ukuta, au anaangalia juu mawinguni, akigeuza anasimama, akitembea anasahau kugeuza, baada ya dakika kumi kichwa kinamuuma na anajiona mjinga wakati hana ujinga wowote. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza, mtu mpya anaanza na gemu ambayo kamera imetulia yenyewe. Overcooked ni hivyo, mnaangalia jiko kutokea juu. Moving Out nayo ni hivyo, mnahamisha makochi na mafriji mpaka kwenye gari na kuvunja madirisha ruksa. Gemu nyingi za Lego kamera inajiendesha yenyewe, tena mtoto anaweza kuingia katikati ya gemu na kutoka anapotaka, na akifa anapoteza vihela tu anarudi pale pale, hakuna kusubiri wala kulia.

Nyingine naipenda sana kwa mtu muoga ni Unravel Two ya 2018, mnakuwa vidoli viwili vya uzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi mmoja, na utamu wake ni kwamba pale mwenzio anaposhindwa kuruka anaweza kukupanda mgongoni ukambeba ukaruka naye, mkishavuka anashuka anaendelea na yake. Hakuna anayeaibika.

It Takes Two watu wataniuliza, kwa sababu ndo ilichukua gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards 2021. Ni nzuri, tena nzuri haswa, ya watu wawili tu na huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Ila ina zile stiki mbili, kwa hiyo sio ya siku ya kwanza, na jingine, hadithi yake ni ya mume na mke wanaotaka kuachana na mtoto wao wa kike anasikia, ipo wazi kabisa tangu mwanzo. Kama nyumbani kwenu kuna jambo kama hilo linaendelea na watoto wako hapo fikiria kwanza. Nayo imeandikwa ni ya kuanzia miaka 12. Kaka yake mkubwa A Way Out, ya watu wale wale, ni ya 18, hiyo mkawalaze watoto kabisa.

Na kabla hujanunua chochote, FIFA, ile gemu ya mpira, unayo. Au EA Sports FC kama inavyoitwa tangu 2023, sisi bado tunasema FIFA. Kila nyumba yenye PS ina FIFA na kila nyumba yenye FIFA ina ugomvi, kwa sababu tunaicheza mtu na ndugu yake wakipigana magoli. Siku moja ile skrini ya kuchagua upande, wote sogezeni pedi upande mmoja. Basi. Mko timu moja wote wawili, kompyuta ndo adui. Kila mtu anaongoza mchezaji wake, yule aliyeshikwa na mwenzio huwezi kumchukua, kwa hiyo lazima mpeane pasi au mfungwe. Sisi tumeweka sharti dogo, ukikokota mpira ukapita watu wawili ukanyang'anywa wa tatu, pedi inahamia kwa anayesubiri, maana kila nyumba ina Messi wake. Wa kwetu ana miaka 41 na ni baba wa familia.

Haya, turudi jikoni, nataka nieleze Overcooked kwa kirefu kidogo kwa sababu humo ndo nimeelewa mambo yote. Ilitoka 2016, hadi wapishi 4. Juu ya skrini zinashuka oda, mnachukua kitunguu kwenye kreti, mnakatakata kwenye ubao, vitatu vinaingia sufuriani, inaiva, unamimina kwenye sahani, unapeleka dirishani, na leveli zikisonga sahani zinarudi chafu inabidi mtu aoshe. Ukisahau sufuria inalia, ukiendelea kusahau inashika moto na moto unatambaa meza kwa meza mpaka mtu akimbilie mtungi wa kuzimia. Maelezo yote ni hayo, mtoto wa miaka sita anaelewa. Ugumu ni kwamba jiko lenyewe halikai sawa, kuna jiko liko kwenye malori mawili yanayokimbia barabarani yakiachana na kukutana, kuna jiko liko kwenye meli ya maharamia na mawimbi yakiisukuma meza zinateleza zinawafungia njia.

Mjuzi anafanyaje humo? Mi nilikuwa nakatakata, napika, na natoa amri, wengine wananipisha. Saivi nafanya kinyume, naenda kuosha vyombo. Sitanii. Kazi ya sinki ndo inayochosha na haina sifa, hakuna anayeipenda, lakini ina faida moja, ukiwa sinki umesimama sehemu moja unaliona jiko zima bila kulishika. Unaona supu gani inakaribia kuungua, na badala ya kukimbilia unasema tu "ya kushoto inalia". Mgeni anaisikia, anaenda, anaitoa yeye. Ile supu imeokolewa na yeye sio na wewe, na uso wake utauona.

Kuoa oda mpe mgeni. Samahani, kuita oda, mpe mgeni. Anakaa anasoma tu juu, "vitunguu, vitunguu, nyanya", hata kama vidole vyake bado havijui pa kwenda, mdomo wake tayari uko kwenye timu na nyie mnamsikiliza yeye. Wifi alivyorudi kwenye kochi siku ya tatu (nilimuomba msamaha kwa chipsi mayai) nilimpa kazi hiyo, na mtu wa Tanga ukimpa ruhusa ya kuongea, ndugu yangu! Alikuwa anaziita oda kwa sauti ya mama ntilie, mara anatuuliza hiyo supu ya mteja wa kwanza iko wapi mbona wa pili anahudumiwa kabla, tukaanza kufuata foleni, tukapanda nyota.

Na kuhusu kuongea kwenyewe, hii sheria moja ikishikwa makelele yanapungua nusu. Sema unachofanya wewe, usiseme anachotakiwa kufanya mwenzio. "Naleta nyanya." "Nimeshika sahani." "Niko sufuria ya kulia." Angalia daladala, konda hamwambii dereva kanyaga klachi weka gia ya pili, anasema shusha, anasema twende, dereva anajua mengine. Mkiambiana kila mtu yuko wapi na ana nini, mwenzio atajaza pengo mwenyewe. Mkianza "chukua hicho, hapana, kile, we vipi", mtu anaacha kucheza anabaki kusubiri maelekezo, na anayesubiri maelekezo haburudiki.

Kunyang'anya pedi ni marufuku kabisa. Hata kwa mtoto. Hasa kwa mtoto. Akikwama mwambie jina la kitufe, sio "bonyeza hapo", akishindwa mara tano mfe wote muanze upya. Mkifeli leveli moja mara tatu badilishaneni kazi kabla ya kurudia, mara nyingi leveli ilikuwa inawezekana ila watu walikuwa sehemu ambazo sio zao. Na kama mna ile Overcooked! All You Can Eat ina sehemu ya kusaidiwa, unaongeza muda, unaweza hata kuruka leveli, iwasheni bila aibu, hakuna refa.

Sasa kuna mtu kama mama yangu. Mama hashiki pedi, anasema macho, anasema vidole, anasema tu. Kwa watu wa hivi kuna gemu inaitwa Keep Talking and Nobody Explodes ya 2015, na kama ningeambiwa nichague gemu moja tu ya familia nzima ningechukua hii. Mtu mmoja anaangalia skrini, mbele yake kuna bomu. Wengine wote hawaruhusiwi kuona skrini, wao wanashika kitabu cha maelekezo cha kurasa 23 ambacho kinapatikana bure mtandaoni, unaenda kukiprinti stationari. Gemu inanunuliwa moja tu, laptop au simu, wengine wote wanatumia karatasi. Kitabu tunacho cha Kiingereza, kwetu sio shida kwa sababu mama ni mwalimu mstaafu, na kumpa mwalimu mstaafu kitabu na mamlaka ya kuuliza maswali ni kama umemrudishia kazi.

Bomu la kwanza lina dakika 5. Mume wangu kwenye skrini, mama na kitabu amekaa kiti cha upande wa pili ameweka miwani.

"Waya ziko ngapi?"
"Tatu mama."
"Nyekundu ipo?"
"Ipo."
"Ya mwisho kabisa ni nyeupe?"
"Hapana, ya mwisho ndo hiyo nyekundu."
"Za bluu ngapi?"
"Mbili."
"Kata bluu ya mwisho."

Mume akasikia "ya mwisho", akakata nyekundu. Gemu ikalia, kosa la kwanza, na kila kosa saa inaanza kukimbia haraka zaidi, ya tatu bomu linalipuka. Mama akavua miwani. "Nimesema bluu ya mwisho. Sikusema ya mwisho." Mkwe wake akajibu ndio mwalimu. Toka siku hiyo anarudia kila anachoambiwa kabla ya kukata, na hilo ndo somo zima la hii gemu, anayesikia arudie kwa mdomo afu ndo afanye. Jingine, ile karatasi gawaneni, mmoja ashike kurasa za waya, mwingine za alama za ajabu ajabu, mtu mmoja akishika zote 23 dakika zinaishia kwenye kufunua. Na zile alama pataneni majina yenu mapema, sisi kuna moja tunaiita mkia wa nyani, nyingine chapati iliyokatwa, watu wote wanajua.

Kwa simu tu, BombSquad ni bure, mmoja anawasha hotspot wengine wanaingia, bando haliliwi kwa sababu mnachezea humo humo ndani, ina sehemu ya kusaidiana ambapo wote mnapigana na maadui wa kompyuta. Ukiwa na TV ya Android mnaicheza kwenye TV na simu zinakuwa pedi kwa ile programu yake ya rimoti. Minecraft nayo kwa simu ni hivyo hivyo, wote kwenye hotspot moja, dunia ya mwenzako inajitokeza yenyewe, hakikisheni tu toleo ni moja, mmoja akiwa hajaapdeti mtatafutana mpaka usiku.

Wa mbali sasa. Mdogo wangu yuko Uingereza na tulikuwa tunaongea dakika tano, mzima, mzima, mama hajambo, kimya. Siku hizi tunaongea saa nzima kwa sababu tunafanya kitu. Njia ya bei rahisi tuliyoipata ni Steam, ina kitu kinaitwa Remote Play Together, kipo tangu 2019, mmoja tu ndo awe na gemu, ile ya kucheza pamoja sebuleni, anamualika mwenzake na gemu inarushwa kama video, yeye kule anashika pedi kama yuko kwenye kochi lenu. Kwa sababu ni video inayorushwa, mwenye intaneti nzuri ndo awe mwenyeji, sisi mwenyeji ni yeye. It Takes Two nayo ina Friend's Pass, mmoja akinunua mwenzake anadaunlodi bure anaingia kwa mualiko. Ila kwenye PlayStation gemu za kununua mkicheza kwa mtandao mtahitaji PS Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, pigeni hesabu kwanza. Na muda, wao wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi, saa mbili kiangazi chao, tulishakosana mara mbili kwa ajili ya hiyo saa moja inayohama.

Kwa mbali chagueni gemu za taratibu. Overcooked kwa intaneti inayosita sita ni kujitafutia ugomvi, kitunguu kinakatwa sekunde nzima baada ya kubonyeza.

Umeme. Ukikatika katikati mnapoteza leveli mliyomo tu kama gemu inajiseva, nyingi za hizi zinaseva mkimaliza leveli. Kwa hiyo kaangalieni luku kabla hamjaanza, na mkiona taa zinafifia fifia msianzishe leveli ndefu.

Kitu cha mwisho, gemu hizi mara nyingi zina nafasi zaidi ya moja ya kuseva, tumieni. Msiwe na seva moja ya nyumba nzima, maana mtu akisafiri mkaendelea bila yeye, akirudi anakuta mmeshavuka kila kitu na hana hamu tena. Sisi tuna ya watoto, tuna ya mimi na baba yao, na tuna moja tunaiita ya WIFI. Hiyo ya wifi imesimama kwenye ile meli ya maharamia tangu alivyopanda basi kurudi Tanga. Juzi kapiga simu kwa kaka yake, salamu hazijaisha kauliza, meli mmeivuka? Mume kamwambia hapana tunakusubiri. Na kweli hatujaivuka kwenye ile seva.